Kwa Kaka Justus, Mrithi wa Mizinga ya Baba

Mwaka umezunguka, kaka Justus Mahona, tangu uanguke kutoka juu ya mninga kule Ntalikwa, kando ya njia ya zamani ya misafara, ukishusha mzinga wa baba. Hukuwa mrina asali. Ulipanda kwa sababu ulikuwa mrithi.

Ulitoka Ujerumani kuja kumzika baba tu, na begi moja. Matanga yalipokwisha, baba mdogo Nikolaus akakukalisha kwenye kigoda cha marehemu. Aliyekalishwa hahami, ili mji usikose mwenyewe. Ulimwomba akuachie, naye, akikuita kama anavyoitwa mwenye kigoda, kila mara alijibu, "Baada ya mavuno, baba."

Ulikuwa mpole. Jioni ulimsimulia mdogo wako Veneranda, aliyeishia darasa la nne tulipohamia kijijini, habari za kazi uliyoiacha. Wewe na wenzako kule Ujerumani mlitengeneza chombo cha metali, mkakipoza kwa baridi isiyo na mfano hata umeme ukapita humo bila kukipasha moto. Mwanga ukipiga kibati kidogo ndani yake, elektroni, vile vichembe vya umeme, huchomoka kuingia kwenye mashine kubwa ya kuziongezea kasi. Chembe moja ya vumbi ingekiharibu, kwa hiyo mlikishika mkiwa mmevaa nguo safi kama za altareni.

"Zinachukiana," ulisema. "Kila moja inaisukuma nyingine. Ndiyo maana tunazitoa mbio, zisipate nafasi ya kutawanyika."

Mama akacheka, "Kumbe ni ukoo wetu!"

Ukacheka nawe, kisha ukamgeukia mdogo wako. "Nikichelewa zaidi, Vene, watamaliza bila mimi."

Jumapili iliyopita ukoo ulikutana, maana kigoda hakikai kitupu kupita mwaka. Damas, kitinda mimba wetu, aliitwa kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam ili akalishwe. Alisimama mlangoni, koti bado mwilini.

"Na Damas naye?" Veneranda aliuliza. Hakuwahi kusema mbele ya wazee.

"Naye. Kuna nani mwingine?" baba mdogo alijibu.

"Nikalisheni mimi."

Wakaangua kicheko. "We binti, utapanda miti wewe?"

"Kwani kaka alijua kupanda?"

Kicheko kikakatika. Mama akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka miguuni pa Veneranda.

Damas alirudi chuoni kwa treni. Veneranda aliisikia ikipiga honi akiwa ameketi juu ya kigoda, na wazee wale wale wakipita mmoja mmoja kumsalimu: "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba."

Unakumbukwa na mama yako Katarina, baba yako mdogo Nikolaus, mdogo wako Damas aliye masomoni, na Veneranda aliye nyumbani.

Hatutakusahau, Justus, siku zetu zote.