Koki ya Mashine ya Pili

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na mkaza mjomba hajambo. Mimi mwili hauna neno. Kilichobaki ndicho kinachoniandikisha.

Mama alikwambia habari za Kipara, mwenzangu wa chumba cha kufulia nguo hapa hospitali, ila hakukwambia yote kwa kuwa sikumwambia yote. Sisi wa mvuke tuna desturi. Anayefunga koki ya mvuke husema kwa sauti, "Imefungwa." Anayesafisha mashine huitikia, "Nimesikia," ndipo anainamisha kichwa ndani. Siku ile nilisema imefungwa. Nilikuwa nimefunga koki ya mashine ya kwanza, naye alikuwa kwenye ya pili. Aliitikia kwa mbwembwe zake, "Nimesikia, mheshimiwa," kisha mvuke ukamjia usoni.

Alilazwa ghorofa ya juu yetu hadi alipofariki. Sikupanda ngazi kumwona. Mkewe alikuja kuniambia kwamba mumewe alinisamehe. Nitajuaje? Sikumsikia. Tangu hapo, kila nikitoka kazini narudi kushika koki, nihakikishe imefungwa. Kanisani ni hivyo hivyo: kila Jumapili natubu jambo lile lile, hadi mchungaji akaniuliza kama nimehamia pale mbele na godoro.

Niombee.

Mpwa wako

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Miguu ni ile ile. Nimeacha kubishana nayo. Mkaza mjomba anakusalimu na anauliza kama unakula.

Nivumilie nikueleze taratibu, maana nilifundisha miaka mingi na ugonjwa huo hauna dawa. Huwezi kuamini neno la mke wa Kipara kwa sababu ulishaona neno la mtu likiua. Nakuelewa. Lakini tazama: hakuna aliye hai leo aliyesimama chini ya msalaba. Sisi sote habari ya msamaha wa Kristo tumeipata kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi niliipata kwa bibi yako, aliyekuwa akitafuta miwani huku ameivaa. Tunaiamini si kwa kuwa mletaji hakosei, bali kwa kuwa aliyemtuma hakosei. Toba yako ya kwanza ilipokelewa. Kwa hizi nyingine humwambii Mungu kitu; unamkagua tu kama alifanya kazi yake.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimekawia kujibu kwa sababu barua yako iliniudhi. Ni rahisi kueleza ukiwa mbali na mvuke.

Juzi koki ya mashine ya pili ilianza kuvuja. Fundi wa mabomba aliifungua, akamwonyesha msimamizi jinsi kipande cha ndani kinachozuia mvuke kilivyokatika. "Nani anakaza hizi kama anamnyonga nyoka?" akauliza. Watu wakacheka. Ni mimi. Kwa kurudi na kukaza, kurudi na kukaza, nimeharibu koki iliyokuwa nzima. Mvuke umemuunguza Mama Pacha, aliyechukua nafasi ya Kipara. Ni kidole tu, anasema si kitu.

Mjomba, nimeanza kufikiri afadhali niinamishe kichwa mle ndani mwenyewe, tumalizane.

Mpwa wako

12 Mei

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali, umeshanieleza. Nimepiga simu hupokei, kwa hiyo dereva wa basi anakuletea hii mkononi.

Usibaki peke yako. Mpe Mama Pacha barua hii aisome. Mama Pacha, kijana huyu ameniandikia kwamba anataka kufa. Mpeleke kwa daktari wa hapo hapo hospitalini, sasa hivi, kabla ya kazi nyingine yoyote. Kwenda kwa daktari si kupungukiwa imani.

Nawe, mwanangu, acha kukaza. Unamwadhibu mtu ambaye Kristo ameshamwachilia. Huna ruhusa hiyo, hata kama mtu huyo ni wewe.

Nijibu, hata neno moja.

Mjomba wako

20 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimeambiwa kwenye simu kwamba mkono wako wa kulia hauandiki tena, na ulimi umekuwa mzito. Mkaza mjomba, shikamoo nawe unayemsomea. Soma polepole, atataka kusahihisha.

Mama Pacha aliisoma ile barua, akavua aproni, akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Daktari alinipa dawa, na bado narudi kwake kuzungumza. Nilipanda pia ghorofa ya juu. Kitanda cha Kipara kina mtu mwingine. Nilikwenda kwa mkewe, nikamwomba anirudie maneno ya mumewe. "Nilishakwambia," akasema. "Sirudii." Alikuwa analia. Nikamwamini.

Siku hizi Mama Pacha ndiye anayefunga. Jana jioni nilitoka, miguu ikagoma getini. Mlinzi ananijua. "Leo umesahau nini?" akauliza. Usidhani nilisikia amani, mjomba. Jasho lilinitoka. Nikamwambia Bwana kwamba nimechoka kumkagua. Kisha nikamjibu mlinzi kuwa sijasahau kitu, nikavuka barabara.

Nimeomba likizo. Jumamosi nitakuwa kwako, usihangaike kutafuta mtu wa kukuandikia jibu.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu kusafisha mashine ya pili. Mama Pacha alikwenda kwenye koki ile mpya. "Imefungwa," akasema. Mkono wangu ulinyanyuka kuifuata, nikaushusha.

"Nimesikia," nikasema, nikainamisha kichwa.

Ndani kulikuwa na baridi.

Mpwa wako