Mkono wa kushoto, saa ya bukari

Jumatano. Baridi ya asubuhi iliyoingia hadi kwenye mifupa, halafu saa nne upepo, halafu vumbi jekundu juu ya kila kitu, hata juu ya sabuni. Moyo wangu uko rangi hiyohiyo.

Mkono wa kushoto unaniuma kuanzia kwenye kiwiko mpaka kidole cha mwisho. Mama amekula matonge matatu.

Naandika mambo hayo mawili pamoja kwa sababu leo nimejua yanahusiana. Nimechelewa kujua.

Kama umefika kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi napiga batri, ile seti ya ngoma, kwenye kwaya ya parokia yetu, hapa Makomeno, mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuna aliyenifundisha. Niliwatazama wengine mikono, nikaenda nyumbani kukosea peke yangu. Mchana natengeneza majiko ya umeme ya watu, siku umeme wenyewe ukipenda. Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa nne, kikamchukua upande wote wa kuume. Dada yangu Odile anamwosha asubuhi, kisha anakwenda sokoni kuuza samaki wa Kasenga. Saa sita ni zamu yangu. Napika bukari, ugali wetu wa huku, naiweka karibu na kitanda, nakaa naye mpaka saa nane.

Na kwetu bukari ni mkono wa kuume. Wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazitajwi penye chakula.

Mimi nilizaliwa wa kushoto. Mama alinitibu. Kila saa ya kula alinifunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha kitenge, na siku kitenge kikiwa kwenye kamba ya nguo alinipaka pilipili vidoleni. Ilidumu mpaka nilipoanza shule. Simlaumu, kila nyumba ya avenue yetu ilikuwa na dawa yake, na ya kwetu ilifanya kazi vizuri. Mkono ulikata tamaa. Umebaki wa kushika ndoo na kushikilia mlango. Ndivyo nilivyokuja kuwa mpiga ngoma mwenye mkono mmoja na nusu.

Sasa niungame hapa, maana padri wetu anaijua sauti yangu.

Siku tuliyomrudisha mama kutoka hospitali, nikaona mkono wake wa kuume umelazwa juu ya blanketi kama kitu alichoazimwa, wazo la kwanza lililonipita kichwani lilikuwa: sasa na weye utaona. Lilipita haraka sana. Nikaenda kumchemshia maji ya chai. Lakini lilipita.

Turudi kwenye ngoma. Jumapili ijayo ni sikukuu ya parokia, na wimbo wa matoleo una mwisho mkali. Bamama wakikaribia altare na vikapu vyao, sisi tunapandisha moto: kuume, kushoto, kuume, kushoto kwenye caisse, ile ngoma ndogo ya katikati, bila nafasi ya kumeza mate. Miaka yote nimedanganya hapo. Mkono wa kuume unapiga mbili, wa kushoto unapiga moja na kujificha nyuma ya shangwe. Mwaka huu maestro Anselme, ambaye kazi yake ni kufundisha hesabu, amehesabu.

«Ndugu, kushoto yako inabakia nyuma,» aliniambia mbele ya kwaya nzima. «Ikibakia vile ile siku ya fête, tunafinya bouton.»

Bouton ni kile kifungo cha kwenye kinanda cha Gaston. Ukikifinya, kinapiga ngoma chenyewe.

«Na bouton haichokake,» Gaston akasema. «Haiombake ruhusa, haikulake.»

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, kama afanyavyo mtu aliyechomwa mwiba mbele za watu.

Nilipigilia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu juu ya ubao, nikaanza mazoezi ya kushoto peke yake, mkono wa kuume nimeutia mfukoni usije ukasaidia. Nafanya kwenye chumba cha mama kwa sababu saa ya ukutani iko huko, na mshale wake wa sekunde unatoa sauti. Mapigo mawili kwa kila tiki. Siku kadhaa hivyo, kisha matatu. Kosa la mkono dhaifu ni kukaza: unaogopa kijiti kitakimbia, unakibana, na ukikibana kinakufa. Kijiti kinataka kuruka chenyewe. Kazi yako ni kukiachia kidogo na kukidaka kabla hakijakosa adabu. Kwa ule moto wa matoleo nahitaji matano kwa kila tiki. Nilikuwa mbali.

Wiki hiyo hiyo bamama wa kikundi cha sala walikuja kumsalimu mama. Walileta bukari na samaki, wakakaa chini kuizunguka sahani. Mama Véro, mwenye moyo mwema na sauti ya kuuzia makaa, alinyoosha mkono wa kuume. Mama akautazama. Basi Mama Véro akauchukua ule wa kushoto, akautikisa na kucheka.

«Hata hii si mukono ya Mungu tu, mama?»

Hakuwa na nia mbaya. Mama alitazama sahani, akawatazama wote wakinawa, akasema, «Miye minashiba.»

Hakuwa amekula tangu alfajiri.

Tangu siku hiyo alishiba. Asubuhi ameshiba, mchana ameshiba. Odile alijaribu kumlisha kwa kijiko, mama akafunga mdomo na kugeukia ukuta.

«Miye si mutoto, Odile.»

«Basi ukule na kushoto, mama. Mungu hawezi kasirika.»

«Mungu aone, haina mambo. Weye njo sipendi uone.»

Siku moja nikajaribu mzaha, silaha yangu pekee. Nikamwambia, «Mama, weye njo ulifungaka yangu na kitenge. Leo tufunge ya nani?»

«Yako ilikuwa na mwenzake,» akasema.

Nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba kama mtu anayesubiri maji.

Akakonda. Pete ya ndoa ikaanza kuteleza kwenye kidole cha ule mkono uliokufa, Odile akaizungushia uzi. Mganga wa kituo cha afya alituambia wazi: asipokula hamalizi mwezi huu wa baridi. Akaongeza kwamba akikubali kula, iwe matonge madogo na polepole, kwa sababu koo nalo limechoka upande mmoja.

Niliweka sahani saa sita kila siku kwa desturi tu, imefunikwa, juu ya kiti upande wake wa kushoto. Kisha nikakaa kuitazama saa ya ukutani, mgongo umeelekea kitanda, na kuanza kupiga. Siku ya tatu au ya nne nikasikia kitu nyuma yangu.

Kifuniko.

Sikugeuka. Nikaendelea, mapigo matatu kwa kila tiki, mkono unawaka moto. Nilipopumzika kidogo, kifuniko kikarudi mahali pake, taratibu, kama hakikuwahi kuondoka. Nikaanza tena, nikakisikia tena. Ndipo nikaelewa. Nikipiga, sipo. Mtu anayepiga ngoma akitazama ukuta hawezi kuona wala kusikia, kwa hiyo mama yuko peke yake chumbani, na mtu aliye peke yake anakula kwa mkono anaoutaka.

Siku hiyo nilipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Nikasubiri kifuniko, nikahesabu mpaka ishirini, nikageuka. Sahani ilikuwa nusu. Bukari haifichi kitu, kila tonge linaacha shimo lake.

Hatukusema neno. Nilianza kuacha kitambaa kibichi kando ya sahani, nikakikuta kimetumika na kukunjwa, na hicho nacho hatukukisema. Odile aliona sahani zinarudi pungufu.

«Unamupatiaka dawa gani?» aliniuliza.

«Hapana dawa. Minakaa tu kimya.»

«Weye? Kimya?»

Ndivyo mkono wangu ulivyopata shule kali kuliko zote. Sikuweza kuacha nilipochoka, niliacha aliposhiba. Matatu yakawa manne. Nikaanza kujipenda. Nilikuwa namlisha mama na papo hapo najiandaa kumwaibisha Gaston na kifungo chake, na mtu akipata mema mawili kwa kazi moja, macho yake yanalegea.

Macho yangu yalilegea. Wiki iliyopita sahani zilianza kurudi zimejaa zaidi. Mashimo sita. Halafu matano. Nikasema ni ugonjwa. Odile akasema ni baridi. Tukasali. Jumatatu nilifika mapigo matano kwa mara ya kwanza, kwa muda wa kusema Amina, na mama alikula matonge manne. Niliandika habari ya mapigo hapa kwenye ukurasa huu. Ya matonge sikuiandika.

Leo nilitaka kuyashika matano kwa urefu wa wimbo mzima. Nikafunika sahani ya bukari na sombe, yale majani ya muhogo, nikakaa, nikaanza. Na mkono ukakubali. Kijiti kilikuwa kinaruka chenyewe, mimi ni kama nimekishika mkia tu. Nikasikia kifuniko, nikafurahi, nikaongeza. Niliwaona bamama na vikapu vyao. Nilimwona Gaston ameweka mikono mapajani.

Nyuma yangu mama akapaliwa.

Mwanzoni ilikuwa sauti ndogo, na aibu yangu ni kwamba niliisikia na kuendelea kupiga mapigo kadhaa, kwa sababu ya ile sheria yetu ya kutogeuka. Kisha sauti ikakatika kabisa. Nikageuka.

Uso ulikuwa umebadilika rangi. Nikamwinamisha mbele, nikampiga mgongoni, mara tatu, mara nne, mpaka tonge likatoka kwenye blanketi. Lilikuwa kubwa. Halikutafunwa. Mdomoni kulikuwa na jingine.

Alipoweza kupumua, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuficha mkono wa kushoto chini ya blanketi, na sombe yote vidoleni. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kukohoa, au yale mengine. Mimi nilikuwa nimesimama pale natazama. Kila kitu alichotaka nisikione nilikuwa nimekiona.

«Unakimbiaka wapi?» akaniuliza.

Sauti yake ilikuwa kama uzi.

«Nafanya tu mazoezi, mama.»

«Miye nilikuwa nakufwata.»

Akafumba macho. «Toa ile sahani.»

Nimeitoa. Mashimo matatu. Nimefua blanketi, nimekaa nje na mikono iliyolowa kwenye upepo, na nimefikiri kwa urefu, jambo ambalo kwa kawaida naliepuka. Alikuwa anakula kwa mapigo yangu. Nilipokuwa polepole alikuwa na nafasi ya kumega, kuviringa kwa vidole visivyojua kuviringa, kutafuna upande mmoja wa mdomo, kumeza. Nilipoongeza, akaongeza. Labda aliogopa nitamaliza wimbo kabla yake na kugeuka. Akashindwa, kama nilivyoshindwa mimi miaka yote kwenye matoleo, na yeye hakuwa na shangwe ya kujificha nyuma yake. Akaona heri kuacha mapema. Nami nyuma ya mgongo wake, yaani yeye nyuma ya wangu, nilikuwa naandika maendeleo.

Sijui kama kasi ndiyo yote. Ugonjwa nao upo. Inawezekana najipa lawama yote kwa sababu lawama angalau naweza kuifanyia kitu.

Nimetafuta njia ya kuweka vyote viwili. Haipo. Mkono huu una nguvu ya saa moja kwa siku. Nimewahi kuuomba ya pili, jioni, na kesho yake saa sita haukuweza hata kubeba kijiti, mama akabaki ameshiba. Ukilala siku nne bila kasi, kasi inaondoka. Na mchana hauwezi kuwa wa polepole na wa haraka kwa pamoja.

Kwa hiyo nimemwandikia Anselme: «Maestro, kwa Dimanche mufinye bouton.» Amejibu baada ya muda mfupi tu: «Courage, ndugu. Na mama iko namna gani?» Nimeandika majibu mawili na kuyafuta yote mawili.

Miaka kumi na moja. Nilidhani ingeniuma zaidi ya hapa. Labda itauma Jumapili, nikisikia kifungo kinavyopiga bila kukosea.

Kesho saa sita nitapika bukari laini kidogo. Nitaifunika, nitaweka kitambaa, nitakaa nikiitazama saa. Pigo moja kwa kila tiki, kama mtu anayeanza leo. Sitampa pole wala kumwomba msamaha, maana nikisema neno lolote nitakuwa nimekubali kwamba niliona.

Nikisikia kifuniko, nitapiga hivyo hivyo mpaka mkono udondoke.

Nisipokisikia, sijui.