Mkono wa Bonaventure

Kalemie, Jumanne

Dada yangu mpendwa Virginie,

Ninakusalimu kwa moyo wote, wewe, shemeji Jean-Pierre na watoto. Je, baridi ya Kirungu imewahurumia mwaka huu? Sisi tunapumua. Mama ameongeza nguvu kidogo ingawa bado hasimami, na ugomvi wake na mdogo wetu Bonaventure haujaisha.

Unakumbuka wenye silaha walipowafungia watu kanisani kule kijijini. Bonaventure, kwa kuwa ndiye katekista, aliwapa kalisi ya Misa na Biblia ya altare ili wawaachie watu. Wote waliachiwa, Mama akiwemo. Sasa hapa kambini Katanika Mama na wenzake wanasali peke yao chini ya turubai, wakisema kwamba mkono uliotoa vitu vya Mungu hauwezi kumpa mtu Komunyo. Kila Jumapili Bonaventure anawapelekea wagonjwa, na kila Jumapili Mama anamfumbia mdomo mtoto wake.

Unanijua, sikunyamaza. Niliwasimamia nikawaambia kwamba wao ni Wadonatisti, wafuasi wa Donato, waliowakataa maaskofu huko Afrika ya Kaskazini, zamani za Warumi, kwa kosa hilihili la kutoa vitabu vitakatifu. Na kwamba walikosea, maana sakramenti ni ya Kristo, si ya mkono unaoileta. Nikawaongezea Wanovasiani na Wamontano, makundi mengine ya kale yaliyojitenga na Kanisa, wasipate pa kukimbilia. Mama akauliza huyo Donato njo nani, maana yeye hajawahi hata kula kwake. Watu wakacheka sana. Jirani yake, Mama Séraphine, akaniomba nimwandikie jina hilo vizuri, na kesho yake nikalikuta limeandikwa kwa makaa juu ya turubai lao. Akanikumbusha kwamba hata Wakristo walipachikwa jina lao na wengine, kule Antiokia.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Jumapili iliyopita Bonaventure alichoka kukataliwa. Alinikabidhi kile kisanduku cha Komunyo mlangoni, akabaki nje. Mama akaniuliza nimekipokea kwa nani. Nikasema kwa Padri. Akafungua mdomo, akapokea, akalia kwa furaha. Bonaventure alisikia yote.

Kama mkono si kitu, dada, kwa nini niliuficha? Na kama ni kitu, niliwatukania nini wale? Nimefungua tena vitabu vyangu vyote. Makundi yamejaa humo, la kwangu silioni. Mama anataka nimletee tena Jumapili. Bonaventure amekubali, lakini hanitazami usoni. Panda gari lolote linaloshuka, uwe umeketi kati yao nitakapomwambia Mama ukweli.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na shemeji asikose kukuruhusu.

Kaka yako anayekungoja,
Cyprien