Gari Nililolipandisha

Jumanne, usiku

Bado sijatulia. Nilipofunga shokomzoba mpya za kurekebisha urefu wa gari, nililipandisha juu kabisa kwa ajili ya mashimo ya njia ya Kitomanga. Mama naye akaanza kukataa safari. Leo kichwa kinauma, kesho ana wageni. Nikadhani amenichoka.

Leo fundi amelishusha kidogo maana lilikuwa linayumba kwenye kona. Nilipofika nyumbani, mama alilizunguka, akafungua mlango, akakaa kitini mwenyewe.

“Nipeleke kwa dada yangu.”

Nikamuuliza, kumbe alikuwa hawezi kupanda likiwa juu vile?

“Ningekwambiaje, mwanangu, na ulivyolifurahia?”

Na magoti yake yanayouma nayakanda mimi, kwa mikono yangu, kila jioni.