Kiti cha Nyuma

Spesiose wangu,

Haya nilitaka kukuambia nikiwa nimesimama kwenye kaburi lako pale Kigwena, kwenye michikichi ya kaka zako. Sikufika. Ndiyo maana naandika, univumilie. Wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka kwamba hata kwenye karatasi naandika kama niko ubaoni.

Jumapili Aline ananipeleka Bujumbura. Binti yetu amekaa nami hapa Rumonge tangu miguu ilipoanza kunikataa, na sasa likizo yake imekwisha. Nyumba yake iko ghorofani. Daktari alizungumza naye nje ya mlango, mimi sikuambiwa kitu, lakini mtu aliyefundisha maisha yake yote anaujua uso unaoficha jibu. Nikishapandishwa ngazi zile, sitashuka tena nikiwa hai. Nilikuwa na wiki hii tu ya kuja kwako.

Hujui jinsi siku zangu zilivyo sasa. Lango lina kufuli. Aline akitoka anafunga, nisije nikaanguka barabarani. Nakaa kibarazani, mbele yangu naona kipande cha ziwa kati ya ukuta wetu na wa jirani. Maji yamepanda sana tangu ulipoondoka, yamemeza viwanja vyote vya chini. Na hapo hapo uani imesimama pikipiki yetu, imefunikwa lile pazia lako la kijani. Ufunguo wake Aline ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nilipomwomba, aliniuliza, "Papa, miguu imekukataa, pikipiki utaiendesha na nini? Na masharubu?" Ulimi huo ni wako mtupu.

Siku ya Jumanne Aline alikwenda sokoni, akamwomba Saidi akae nami, akamwachia ufunguo wa lango. Saidi yule fundi, mtoto wa jirani yetu uliyekuwa ukimpa chai kila alipokuja kunisaidia kukaza nati. Sasa ana karakana yake karibu na soko, na ndevu zenye mvi. Nikamwambia, "Saidi, nipeleke Kigwena." Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka. Esansi haipatikani, watu wanalala kwenye foleni za mafuta, lakini alikuwa na chupa moja aliyokuwa anaitunza. Ufunguo wa pikipiki hatukuuhitaji. Unajua pikipiki ya zamani, waya mbili zinatosha.

Aliponibeba kuniweka juu ya kiti cha nyuma, ndipo nilipotambua jambo hili. Sijawahi kukaa pale. Miaka yote ile, hata mara moja.

Unakumbuka ilivyokuwa tulipoinunua kwa yule padri aliyekuwa anarudi kwao? Nzito, mkaidi, usukani unatetemeka, nyuma inatapatapa kama samaki. Nikasema nitaifundisha adabu. Nilichongesha bushi mpya za shaba, nyuma isicheze. Nikatia mafuta mazito kwenye foku, ile miguu ya mbele. Nikatoa springi zake laini za nyuma, nikafunga ngumu, ndefu kidogo, ili mkia uinuke na usukani uwe mwepesi. Sponji ya kiti niliipunguza ili uzito wetu ushuke. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vinakwaruza lami kwenye kona, nikavipandisha juu. Kila Jumamosi tulikwenda Magara kununua samaki, na kila Jumamosi nilikuwa na kitu kipya cha kujaribu. Mwishowe ilikuwa inanitii kabisa. Niliifikiria tu kona, yenyewe imeshaingia. Nilijiona nimeshinda.

Vikanyagio vile, Spesiose. Magoti yangu yalikunjwa hadi karibu na kifua. Hatujafika hata mwisho wa mji, nyonga zilikuwa zinawaka. Kila shimo dogo la barabara, lile ambalo mbele nililihisi kama mlio tu, nyuma linapanda kwenye uti wa mgongo na kugonga meno. Mbele huoni kitu, unaona mgongo wa mtu. Hujui kona inakuja lini, unastukia tu umelazwa upande. Huwezi kunyoosha mguu. Huwezi kushuka. Nilitaka kumwambia Saidi apunguze, upepo ukayachukua maneno. Basi nikamgonga begani.

Akaongeza mwendo.

Nikamgonga tena, kwa nguvu. Akaongeza tena. Mpaka nilipomshika shingo ndipo akasimama, pale msitu wa Kigwena unapoanza kuonekana. Akageuka, "Mzee, iko inakuuma? Si useme!"

Nikamwambia nimesema, nimemgonga.

"Ah! Mimi nilifikiri unasema kaza!"

Sikuweza kumkasirikia. Niliketi kwenye nyasi kando ya barabara, nikaukumbuka mkono wako. Ulikuwa unanigonga begani, kila Jumamosi, kwenye zile kona za kabla ya Magara. Mara mbili, taratibu. Na mimi nilifurahi sana. Nilijiambia, mke wangu anaipenda kasi, ananipongeza. Nikakaza. Tukifika ulikuwa unashuka na kubaki umeshika kiti kwa muda, umeangalia ziwani, nami nikidhani unawatazama wavuvi wakianua nyavu. Nilikuwa naanza kukueleza habari za springi. Nilikuuliza, "Umeona ilivyoingia?" Ukajibu, "Iko sawa, Mwalimu." Siku moja tu ulisema, "Mungu wangu, kwani tunafukuzwa na nani?" Nilicheka. Niliwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka.

Kigwena ilikuwa pale, karibu, na sikuweza kupanda tena. Saidi alinishika kiuno, akajaribu kuninyanyua, nikapiga kelele kama mtoto. Barabara uliyoivumilia wewe miaka yote, mimi imenishinda asubuhi moja. Alisimamisha gari la watu waliobeba chikichi, wakanilaza juu ya magunia, akatufuata na pikipiki.

Aline alikuwa langoni na kikapu chake cha samaki wa ndagala. Alikuwa amejiandaa kufoka, niliona. Lakini nilisisitiza kushuka mwenyewe, nikashuka nikishika ubao wa gari kwa mikono miwili, mguu mmoja umekataa kunyooka. Akakitua kikapu. Kisha akasema polepole, "Mama alikuwa anashuka hivyo hivyo."

Nilimuuliza kama ulimwambia.

"Nilimuona, Papa. Akaniambia nisiseme. Akasema ukiendesha ile moto unaimba, na nyumbani huimbi."

Sijui nikushukuru au nikugombeze. Ungesema! Ungeniambia simama, Mwalimu, magoti yangu. Ningesimama. Nadhani ningesimama. Hapana, niseme kweli, sasa sina sababu ya kudanganya: labda ningekueleza namna ya kukaa vizuri. Ulisema kwa mkono, na mimi niliusikia mkono wako nilivyotaka. Hilo ndilo nililotaka kuja kulisema.

Jana nilimwita Saidi tena. Aline hakuzuia. Alileta yeye mwenyewe kiti changu karibu, nikawa naelekeza. Tumerudisha springi za zamani, zile laini. Zilikuwa bado chini ya kitanda, zimefungwa kwa gazeti. Tumeshusha vikanyagio mahali pake. Juu ya kiti tumeongeza sponji ya lile godoro la wageni, Aline ameishonea kitambaa. Saidi akazunguka nayo mtaani, akarudi anatikisa kichwa. "Mzee, umeiharibu. Kwenye kona inayumba kama ng'ombe mwenye mimba!" Nikamwambia aiache hivyo.

Aline akasema anataka kupanda. Alipanda nyuma, wakaenda hadi njia ya sokoni, wakarudi. Alishuka wima. Alipita jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, halafu akatoka akanishika bega. "Jumamosi asubuhi, Papa. Mimi nitatangulia na basi, niwangoje pale Kigwena."

Esansi iliyobaki Saidi anasema inatosha kwenda; ya kurudi tutajua huko huko. Mwili wangu sina uhakika nao. Usiku huu siwezi kujigeuza bila kushikwa. Nikishindwa tena, Jumapili gari litaelekea kaskazini nami nikiwa ndani yake, nimekupa mgongo, na hakuna atakayekuwa na nguvu ya kuligeuza. Kama ni hivyo, basi karatasi hii Aline atakusomea yeye. Ameahidi, ingawa alilia.

Lala vizuri, mama Aline. Kaka zako wakipita kupalilia, nisalimie. Sitakuja na habari ya springi wala kona. Nitakuja kimya, nitakaa chini karibu nawe kama mgongo utaruhusu, nitasikiliza.

Saidi nimeshamwekea masharti. Nikimgonga begani anapunguza, nikimgonga tena anasimama. Alitaka kubisha, kwamba hata bata watatupita njiani. Nikamwambia watupite. Mwendo anaupanga mtu wa nyuma.

Mume wako,
Mwalimu