Wapole Kumi na Mmoja wa Tunduma

Dada Eliza mpenzi, salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Hapa Tunduma mjomba yu mzima, na mimi nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Timu ya hapa ilipungukiwa mtu, nikaombwa kucheza. Mwalimu wao ni mgeni kutoka Tanga, ana kitabu kinachosema tabia ya mtu ndiyo inayoonyesha nafasi yake uwanjani: wakali mbele, wapole nyuma. Akatuita mmoja mmoja atupime. Nasi, watoto tuliolelewa vyema, kila mmoja alichuchumaa akampigia makofi ya polepole, kama tunavyowasalimu wakubwa. Akaandika: mpole, mpole, mpole, wote kumi na mmoja!

Basi Jumamosi akatupanga sote golini. Wageni wetu kutoka ng'ambo ya mpaka wakabaki wameduwaa, maana hawakuona hata upenyo wa kupitisha mpira. Hakuna aliyefunga, mpaka jamaa mmoja wao aliponipiga shuti la uso. Dada, unanijua! Nilitoka na ule mpira nikipiga kelele, nikavuka uwanja mzima, nikafunga. Tukashinda! Mwalimu aliruka hadi kofia ikamdondoka.

Akaniita. Nikachuchumaa, nikapiga makofi. Akanitazama, akatazama kitabu, akaguna: "Kweli, mpole kabisa."

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Na tafadhali, ukimwandikia mjomba, usitaje kile chungu nilichokuvunjia kwa hasira. Hapa mimi ni mpole kwa maandishi.

Mdogo wako,
Yona