Pete Iliyokuwa Ndani ya Bonge

Mjukuu wangu Kulwa,

Watu wengi wakisikia mashine ya kutafutia metali imelia, huzidisha kuchimba. Nami nilikosea hivyo hivyo. Hapa Sapiwi hatujambo, pamba inapasuka vizuri, na bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza ununue kifaa gani kidogo cha mkononi cha kuonyesha metali ilipo hasa.

Mwaka juzi bibi yako aliangusha pete yake ya ndoa akipalilia pamba. Siku mbili hakula vizuri. Jirani yetu Masanja akaja na mashine yake kubwa, ikalia, nami nikachimba hadi magotini.

"Mzee, unatafuta pete au maji?" bibi yako akaniuliza.

Masanja akacheka, akatoa kifaa chake kidogo, kinene kama karoti. Kikalia kila upande.

"Babu, weka jembe mbali, chuma chake kinakidanganya!" Masanja akaniambia.

Nikalipeleka kando. Shimoni kukawa kimya. Akakigusisha kwenye udongo niliokwisha kuutoa, kikatetemeka kwenye bonge moja jeusi. Unajua udongo wa mbuga ukilowa unavyong'ang'ania kitu. Bibi yako akalivunja kwa vidole vyake, akaivaa pete na tope lake. Namshukuru Masanja kila nikiuona mkono ule.

Basi chagua kinachostahimili tope na kinachotetemeka, maana upepo wa shambani humeza mlio. Leo nenda dukani, omba kuwashiwa kimoja, ukipitishe taratibu juu ya sarafu huku umefumba macho, uone kama mkono wako utahisi ilipo.

Babu yako